Wageni Waliokaa Eldoret

Mwaka 1990 Chuo Kikuu cha Moi kilipokea wanafunzi wake wa kwanza wa udaktari mjini Eldoret. Kitivo kilikuwa kichanga, na hospitali ya kufundishia ilikuwa ile ya Wilaya ya Uasin Gishu. Mwaka mmoja kabla, chuo hicho kilikuwa kimeanza ushirikiano na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani. Indiana iliahidi jambo dogo lililobadilisha mengi: mwaka mzima, kila mwaka, daktari wake ataishi Eldoret, afundishe na kuzunguka wodini pamoja na wenzake Wakenya. Afrika ilishawachoka maprofesa wa wiki mbili, wanaoondoka na sampuli za damu kisha wasisikike tena.

Safari nayo ilikuwa ya pande mbili. Vijana wa Indiana walikuja kujifunza kwa madaktari wa Kenya, na wa Moi wakaenda Indianapolis, ingawa viza haijawahi kuwa rahisi sawasawa kwa wote.

Mtihani mkubwa ulikuja mwaka 2000. Wodini alilazwa mwanafunzi wa udaktari wa Moi, amebaki mifupa mitupu kwa ukimwi. Dawa za kupunguza makali zilikuwepo duniani, lakini bei yake kwa Mkenya wa kawaida ilikuwa haishikiki. Dkt. Joe Mamlin wa Indiana akahangaika mpaka zikapatikana, na kijana akainuka kitandani. Sasa wangemwambia nini mgonjwa wa kitanda cha pili? Mwaka 2001 vyuo hivyo viwili vikaanzisha AMPATH, mpango wa kutibu ukimwi, kliniki za mwanzo zikiwa katika hospitali ile ile ya kufundishia, ambayo tayari ilikuwa imegeuzwa kuwa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, na katika kituo cha afya cha Mosoriot. Haikuchukua muda kugundua kwamba dawa haikai katika tumbo lenye njaa, wakaanza kulima ili wagonjwa wapate chakula.

Usawa kati ya pande hizo mbili ulijengwa vizuri darasani na wodini. Wa mfukoni ulichelewa. Tangu Marekani ianzishe PEPFAR, mpango wake wa kupambana na ukimwi duniani, mwaka 2003, matibabu ya ukimwi Kenya yameegemea mno fedha za Washington, na Januari 2025 serikali ya huko ilisimamisha misaada ya nje kwa amri ya ghafla. Madaktari waliofundishwa Eldoret wapo na kazi wanaijua. Hazina ya Nairobi na serikali za kaunti ndizo zinazopaswa sasa kuwatengea bajeti.