Sumu, Pembe na Tumbusi: Historia ya Uchunguzi Unaozihusu Kilwa na Liwale

Katika historia ya Kilwa, pembe za ndovu hutajwa pamoja na dhahabu kuwa bidhaa zilizoustawisha mji wa Kilwa Kisiwani, na baadaye, katika karne ya 19, kuwa shehena zilizofikishwa Kilwa Kivinje na misafara ya Wayao kutoka upande wa Ziwa Nyasa. Kinachotajwa kwa nadra ni kwamba tamaa ya pembe, katika sura yake ya sasa ya ujangili, imeingia pia katika historia ya taaluma nyingine, nayo ni uchunguzi wa namna kemikali zinavyodhuru ndege wa porini. Makala haya yanaifuatilia taaluma hiyo kwa kuangalia zaidi kazi ya mtaalamu wa ndege Mkenya, Munir Virani, na wenzake, na kueleza kwa nini matokeo yake yana uzito wa pekee kwa Mkoa wa Lindi, ambao wilaya zake za Kilwa na Liwale zinashika sehemu ya pori la Selous.

Taaluma yenyewe ni changa. Mwaka 1962 mwandishi na mwanabiolojia wa Marekani, Rachel Carson, aliuamsha umma kwa kitabu chake juu ya madhara ya viuatilifu, yaani kemikali za kuulia wadudu na visumbufu vingine vya mazao. Na mwaka 1967 Mwingereza Derek Ratcliffe alionesha kwamba maganda ya mayai ya kozi yalikuwa yamekonda tangu kiuatilifu cha DDT kilipoanza kutumika, hata mayai yakawa yanavunjika chini ya ndege wanaoyaatamia. Ratcliffe alilinganisha mayai ya zamani yaliyohifadhiwa katika mikusanyo na yale ya wakati wake, na kwa njia hiyo akaiwekea taaluma msingi ambao haujaachwa: madhara ya sumu hayathibitishwi kwa kuhesabu ndege waliokufa peke yake, bali kwa kuunganisha hatua zote kutoka kemikali hadi kifo, ili kila hatua iweze kupimwa na watu wengine.

Nchini Tanzania swali la madhara ya sumu kwa ndege lilijitokeza kupitia kilimo. Kweleakwelea, ndege wadogo wanaoshambulia mtama, uwele na mpunga kwa makundi makubwa mno, wamekuwa wakinyunyiziwa kwa eropleni dawa iitwayo fenthioni katika maeneo wanamolala. Mtaalamu Clive Elliott, aliyezaliwa Moshi na kulitumikia Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa kwa miaka mingi, alikuwa miongoni mwa waliochunguza udhibiti huo na kuhimiza njia mbadala, ikiwamo kuwavuna kweleakwelea wawe kitoweo. Sababu ya wasiwasi ilieleweka mapema, kwa kuwa mwewe, tai na bundi hujikusanya kuwala ndege wanaokufa, na sumu iliyokusudiwa kundi moja humfikia mwingine ambaye hakuwa adui wa mkulima.

Kazi ya Virani ilianzia kwa ndege wawindao. Katika miaka ya 1990 alimchunguza bundi adimu wa msitu wa Sokoke katika pwani ya Kenya, kisha akatafiti uzazi wa ndege wawindao kandokando ya Ziwa Naivasha, utafiti uliompatia shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Leicester nchini Uingereza. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 alikuwa Pakistan, katika kundi la watafiti waliotafuta chanzo cha vifo vya tumbusi, ndege wala mizoga waliokuwa wakitoweka katika bara Hindi kwa kasi ambayo haijawahi kuonekana.

Dhana ya kwanza ilikuwa ugonjwa wa virusi. Watafiti walihesabu viota, wakaokota mizoga na kupasua miili, wakakuta mara kwa mara figo zilizoharibika na chembe nyeupe za asidi ya mkojo zilizotanda juu ya viungo vya ndani, hali inayofanana na jongo la binadamu. Daktari wa mifugo Lindsay Oaks wa Marekani alipoyaondoa magonjwa na sumu za kawaida katika orodha ya washukiwa, uchunguzi uligeukia dawa wanazopewa ng'ombe. Mwaka 2004 kundi hilo, Virani akiwamo, lilichapisha jibu: tumbusi wote 25 waliopimwa wakiwa na hali hiyo walikuwa na mabaki ya diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, na wote 13 wasio na hali hiyo hawakuwa nayo. Hesabu za mwaka huohuo zilionesha kwamba chini ya mzoga mmoja wenye sumu katika kila mizoga 100 ungetosha kuleta maangamizi hayo, kwa sababu tumbusi wengi hula mzoga mmoja, na jozi hutaga yai moja tu kwa mwaka. India, Pakistan na Nepal zilipiga marufuku matumizi ya dawa hiyo kwa mifugo kuanzia mwaka 2006.

Aliporudi kuitazama Afrika Mashariki, Virani alikuta upungufu unaofanana wenye sababu tofauti. Utafiti alioongoza, uliochapishwa mwaka 2011, ulionesha kwamba tumbusi wa Masai Mara na maeneo jirani walikuwa wamepungua kwa takriban asilimia 60 katika muda wa miaka 30. Huko sumu kuu ilikuwa kabofurani, kiuadudu cha shambani kilichouzwa kwa bei nafuu kikiwa chembechembe za zambarau, ambacho huzuia kimeng'enya kinachotuliza mishipa ya fahamu, hivyo mnyama hutetemeka, hushindwa kupumua na kufa. Mfugaji aliyepoteza ng'ombe kwa simba alinyunyiza chembe hizo juu ya mzoga, na simba mmoja akafa pamoja na tumbusi wengi. Mwaka 2009 mtengenezaji aliiondoa dawa hiyo katika soko la Kenya, baada ya ushahidi wa vifo vya wanyamapori kuenea.

Darcy Ogada, mtafiti aliyefanya kazi kwa miaka mingi nchini Kenya, aliupanua uchunguzi huo kwa kuuliza nini hutokea tumbusi wasipokuwapo. Majaribio yake ya Laikipia, yaliyochapishwa mwaka 2012, yalionesha kwamba mzoga usiofikiwa na tumbusi huchukua karibu mara tatu ya muda wa kawaida kuoza, huku wanyama wanaokutana hapo, na wanaoweza kuambukizana magonjwa, wakiongezeka. Mwaka 2016 yeye na wenzake walikadiria kwamba aina saba za tumbusi wa Afrika zimepungua kwa asilimia 80 au zaidi katika vizazi vitatu.

Ni Ogada pia, pamoja na André Botha na Phil Shaw, aliyeweka wazi sura inayozigusa Kilwa na Liwale moja kwa moja. Tumbusi wanaozunguka angani huwaonesha askari wa wanyamapori mahali ndovu alipouawa, hivyo majangili walianza kuutia sumu mzoga kwa makusudi ya kuwaua mashahidi hao. Kati ya mwaka 2012 na 2014 watafiti hao waliorodhesha matukio 11 katika nchi saba za Afrika, ambamo ndovu 155 na tumbusi 2,044 walikufa. Miaka hiyo ndiyo iliyokuwa migumu kwa Selous, ambako idadi ya ndovu, iliyokadiriwa kuwa zaidi ya 100,000 katikati ya miaka ya 1970, ilishuka hadi takriban 13,000 mwaka 2013.

Kanda za Liwale na Miguruwe ni sehemu ya pori hilo, na Mto Matandu, unaotoka Liwale na kumwaga maji karibu na Kilwa Kivinje, unaiunganisha bara na pwani. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya Selous ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, yenye kilomita za mraba 30,893. Watafiti wanaoongozwa na Corinne Kendall, ambaye awali alishirikiana na Virani huko Masai Mara, wamewafunga tumbusi wa Ruaha na Nyerere vifaa vya kufuatilia mwendo, ili ndege anaposimama ghafla askari waweze kufika, kuuteketeza mzoga na kuchukua sampuli kabla ndege wengine hawajala.

Historia hii ina fundisho moja. Palipopatikana suluhisho, lilipatikana kwa sababu mtu alibaki na ndege kwa miaka mingi, akaifuata sumu kutoka mzogani hadi maabara na kutoka maabara hadi dukani, na serikali ikaukubali ushahidi wake. Tanzania ina mihimili inayohitajika, kwa kuwa usimamizi wa viuatilifu uko chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2020 na kurithi kazi za taasisi ya utafiti ya Arusha. Kinachobaki ni kuiunganisha mihimili hiyo na vijiji vya Liwale na Kilwa, ili mkulima na mfugaji anayekuta tumbusi wamelala kuzunguka mzoga ajue kwamba hapaswi kuwagusa, ajue pa kutoa taarifa, na taarifa yake ifike katika daftari la serikali. Pwani iliyokwisha kuhesabu pembe zake kwa karne nyingi haishindwi kuwahesabu ndege wanaozilinda.