Miaka 48 kati ya Uhuru na kijisanduku cha Nairobi

Jioni ukisimama Kimuka, jua likizama upande wa Suswa, mgongo wa vilima vya Ngong unabaki nyuma yako na mitambo yake ya upepo na milingoti ya mawasiliano. Sisi wa upande huu tumezoea kuamini kwamba redio ni jambo la milingoti mirefu. Historia ninayoisimulia ni ya redio zilizopungua hadi zikatosha kiganjani, na ya wahandisi wetu waliozipandisha angani wakishirikiana na wenzao wa nchi nyingine. Nimeikumbuka kwa sababu Desemba 12, 2025 ilitimia miaka 55 tangu satelaiti iitwayo Uhuru irushwe kutoka pwani ya Kenya, na hapa kwetu sikusikia mtu akiitaja.

Uhuru ilirushwa Desemba 12, 1970, saa saba na dakika 53 mchana, kutoka jukwaa la San Marco lililosimamishwa baharini karibu na Ngomeni, Malindi. Ilikuwa na uzito wa kilo 142 hivi na kazi yake ilikuwa kusaka miali ya eksirei kutoka kwa nyota. Meneja wa mradi, Marjorie Townsend wa NASA, aliipa jina hilo kwa heshima ya wenyeji, kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru. Jukwaa lilikuwa mradi wa Profesa Luigi Broglio na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sapienza, Roma. Walilichagua eneo hilo kwa sababu liko karibu na ikweta, ambako mzunguko wa dunia unaisaidia roketi kupaa. Satelaiti hiyo ilifanya kazi hadi Machi 1973, ikaorodhesha vyanzo 339 vya eksirei, na mwanasayansi wake mkuu, Riccardo Giacconi, akatunukiwa Nobeli mwaka 2002.

Hapo ndipo penye kidonda. Bahari ilikuwa yetu na jina lilikuwa letu, lakini Mkenya alikuwa wapi? Kati ya 1967 na 1988 satelaiti tisa zilirushwa kutoka Ngomeni, zote kwa roketi za Scout za Marekani, na wafyatuaji walikuwa Waitaliano. Baada ya hapo roketi zilinyamaza, majukwaa yakabaki yakiliwa na chumvi. Lakini antena za nchi kavu hazikulala. Zilipokea data za Swift, satelaiti ya Marekani iliyorushwa 2004, na za AGILE ya Italia. Hata Wachina waliweka mitambo Malindi ya kufuatilia vyombo vyao vya Shenzhou. Mawimbi kutoka mbinguni yalikuwa yakitua kwenye ardhi ya Kenya kila siku, na kwenda zao.

Wakenya walilalamika kwa miaka mingi: kwamba malipo ni kiduchu, kwamba data inapita bila sisi kuigusa, kwamba vijana hawafunzwi. Mkataba wa 1995 kati ya Kenya na Italia ulipofika ukingoni haukupata mrithi kwa haraka. Mazungumzo yaliburutwa mwaka baada ya mwaka, kila upande ukishikilia lake. Nami nasema waliolalamika walikuwa na haki. Mgeni ukimpa kiwanja na bahari, kukufundisha kazi si hisani yake, ni deni lake. Hatimaye, Oktoba 24, 2016, mataifa haya mawili yalitia saini mkataba mpya mjini Trento, Italia, ukiwa na itifaki tano: kituo cha kanda cha kuitazama dunia kutoka angani, kupata data, elimu na mafunzo, tiba ya mbali, na kuisaidia Kenya kujenga shirika lake la anga za juu. Shirika hilo, Kenya Space Agency, liliundwa 2017.

Mwaka huohuo wa 2016, Chuo Kikuu cha Nairobi kiliteuliwa kuwa cha kwanza katika mpango wa KiboCUBE, ambamo Umoja wa Mataifa na shirika la anga za juu la Japani, JAXA, huwapa vyuo vya nchi zinazoendelea nafasi ya kurusha satelaiti ndogo. Mshirika wa Nairobi katika ujenzi alikuwa Sapienza, chuo kilekile cha Broglio. Walichounda, 1KUNS-PF, kilikuwa kijisanduku cha sentimita 10 kila upande, chenye uzito wa kilo moja na kidogo, kikiwa na kamera mbili. Mei 11, 2018 kilisukumwa nje ya Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, sambamba na visanduku vya Costa Rica na Uturuki. Kutoka Uhuru hadi hapo ni miaka 48.

Naomba msomaji tukitazame kijisanduku cha aina hii kwa karibu, maana ufundi wote umo kwenye redio yake. Nyingi ya satelaiti hizi huzungumza katika masafa ya wapenzi wa redio, megahezi 435 hadi 438. Wimbi la masafa hayo lina urefu wa karibu sentimita 69, na antena ya robo wimbi inahitaji sentimita 17. Sanduku lenyewe ni sentimita 10! Basi antena hutengenezwa kwa utepe mwembamba wa chuma, kama tepu ya fundi seremala, ukakunjwa na kufungwa kwa uzi wa nailoni. Chombo kikishatoka kituoni hukaa kimya kwa dakika 30 kwa sababu za usalama. Kisha waya mdogo hupata moto, uzi hukatika, na utepe hufyatuka wenyewe. Uzi usipokatika, kazi ya miaka yote imekuwa bure, kwani huko juu hakuna fundi wa kumwita.

Kijisanduku cha Nairobi kiliungua kiliporudi angahewani mwaka 2020. Kufikia hapo Rwanda ilikuwa imerusha satelaiti yake, RWASAT-1, mwaka 2019, ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Tokyo. Uganda ikafuata na PearlAfricaSat-1 mwaka 2022, kupitia Taasisi ya Teknolojia ya Kyushu, Japani. Satelaiti yetu ya Taifa-1 ilipaa Aprili 15, 2023, imesanifiwa na wahandisi Wakenya na kuundwa na kampuni ya EnduroSat ya Bulgaria. Kenya, Uganda na Misri nazo zimeungana kutengeneza ClimCam, kamera ya kuchunguza tabianchi kutoka Kituo cha Kimataifa.

Ushirikiano huo unanifurahisha, lakini bado tunasafiri kwenda kuundiwa vyombo kwa watu. Ombi langu kwa kaunti ya Kajiado ni dogo. Antena ya kusikiliza satelaiti hizi hutengenezwa kwa bomba la plastiki na vipande vya tepu ya chuma, vitu vinavyouzwa katika hadwea yoyote kuanzia Kimuka hadi Kitengela. Kila shule ya sekondari ipewe moja pamoja na kipokezi chake, na mwalimu wa fizikia awatoe wanafunzi uwanjani satelaiti inapopita. Hupita kwa dakika kumi tu, na huko nje si lazima mtu awe na mlingoti.