Mambo ya kuzingatia unaponunua birika jipya la umeme

Birika la umeme ni miongoni mwa vyombo vya nyumbani vinavyonunuliwa kwa haraka mno. Mnunuzi huingia dukani, akatazama rangi, akauliza bei, kisha akatoka nalo likiwa ndani ya katoni. Wiki chache baadaye limeungua kitako, au linachemka bila kukoma hadi mtu akimbie kulizima kwenye soketi. Mara nyingi hasara hiyo ingeepukwa kwa dakika tano za majaribio pale pale kwenye kaunta.

Kabla ya kuuliza birika lipi, yafaa mtu ajiulize ni la kazi gani. Chai ya Wakenya wengi hupikwa: maji, maziwa, majani na sukari hutiwa katika sufuria moja na kuachwa vichemke pamoja. Birika la umeme halikuundwa kwa kazi hiyo. Maziwa hushika kwenye kitako na kuungua, hufura na kumwagikia swichi, na harufu yake haitoki kwa urahisi. Wapo wanaojaribu, na wengi wao hununua birika la pili kabla ya mwaka kwisha.

Kwa hivyo, familia inayokunywa chai ya maziwa pekee na isiyohitaji maji moto kwa jambo jingine haina sababu kubwa ya kutumia pesa zake hapa. Anayefaidika ni yule anayetaka maji ya chai ya rangi, ya kunywa yaliyochemshwa, ya kumwogesha mtoto, au ya kutangulizwa kwenye sufuria ili chai isikae mekoni muda mrefu.

Sehemu iliyo muhimu kuliko zote ni swichi inayojizima. Mabirika ya kujizima yenyewe yalianza kuuzwa Uingereza mwaka wa 1955 na kampuni ya Russell Hobbs, na kanuni yake haijabadilika sana tangu wakati huo. Maji yakichemka, mvuke hupita katika kijitundu na kugusa kipande chembamba kilichotengenezwa kwa metali mbili zilizogandamanishwa. Metali hizo hutanuka kwa viwango tofauti zinapopata joto, hivyo kipande hupinda ghafla na kukata umeme.

Tazama basi jambo hili: swichi hungoja mvuke wala haingoji kiwango fulani cha joto. Ndiyo maana birika lile lile hufanya kazi Mombasa, ambako maji huchemka kwa nyuzi 100, na Nairobi, iliyo mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako huchemka kwa takriban nyuzi 94. Ndiyo maana pia birika lililoachwa wazi, au ambalo kifuniko chake hakishiki vizuri, halijizimi. Mvuke hutokea juu na kupotea, swichi isihisi chochote, maji yakaendelea kuchemka hadi yakauke.

Dukani, mwambie mwenye duka atie maji nusu lita na kuliwasha. Hesabu muda. Birika la wati 2,000 huchemsha lita moja kwa karibu dakika tatu, kwa hivyo nusu lita haistahili kuzidi dakika mbili sana. Lijizime lenyewe baada ya maji kutokota kwa sekunde chache. Kisha inamisha birika umimine: kifuniko kikifunguka au maji yakitiririka kando ya mdomo, liache hapo hapo. Muuzaji anayekataa kulijaribu amekwisha kukupa jibu.

Mabirika mengi mazuri huwa na kinga ya pili chini ya kitako, inayokata umeme iwapo yatawashwa bila maji. Hiyo usiijaribu dukani. Isome kwenye katoni au kijitabu cha maelezo.

Suala la plagi halipewi uzito unaostahili. Soketi zetu ni za pini tatu, na umeme wa nyumbani ni wa volti 240. Ile pini ndefu ya juu ndiyo ya waya wa ardhini, unaomkinga mtu iwapo umeme utavuja na kuingia kwenye mwili wa birika. Baadhi ya mabirika yanayouzwa kwa bei rahisi huja na plagi ya pini mbili. Kwa redio ndogo huenda hilo lisidhuru. Kwa chombo cha chuma kilichojaa maji, ni hatari ya wazi.

Aidha, birika ni chombo kinachovuta umeme mwingi. Plagi yenye fyuzi ya ampea 13 hubeba takriban wati 3,100. Birika la wati 2,200 na pasi ya wati 1,200 vikichomekwa pamoja kwenye waya mmoja wa kurefusha, jumla inapita kiwango hicho. Waya hizo za kurefusha mara nyingi ni nyembamba, nazo huanza kupata moto kabla fyuzi haijakatika. Anayeishi katika chumba chenye soketi moja atafute birika la wati 1,000 au 1,500 na avumilie kungoja kidogo. Anayetegemea paneli ndogo ya sola asahau kabisa habari ya birika la umeme.

(Wale wanaoishi mahali ambapo stima huwa hafifu jioni wasililaumu birika. Volti zikishuka kutoka 240 hadi 200, nguvu ya birika hupungua kwa karibu asilimia 30, na dakika tatu huwa zaidi ya nne.)

Lakini hatari ninayoiogopa mimi zaidi ya moto wa waya ni waya wenyewe unaoning'inia ukingoni mwa meza. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu akiuona huuvuta, na maji yote humwangukia kichwani na kifuani. Maji ya nyuzi 60 tu huweza kuunguza ngozi ya mtu mzima kwa sekunde chache. Ngozi ya mtoto ni nyembamba zaidi. Nyumba yenye watoto ichague birika linalokaa juu ya kitako chake cha umeme, lenye waya mfupi, kitako kipana na kifuniko kinachobana. Birika la chuma la tabaka moja huwa moto kwa nje kama lilivyo ndani, na mtoto huligusa. Mtu akiungua, mahali palipoungua pamwagiwe maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha apelekwe hospitalini. Dawa ya meno, mafuta na unga visipakwe.

Kuhusu gharama, wengi huamini kwamba birika la umeme linamaliza tokeni na kwamba gesi ni nafuu mno. Hesabu haionyeshi tofauti kubwa hivyo. Kuchemsha lita moja katika birika hutumia takriban sehemu moja ya kumi ya uniti, au zaidi kidogo. Tuseme uniti moja inakugharimu Sh30: lita moja ni kama Sh3. Kwa jiko la gesi, ambalo hupoteza takriban nusu ya joto lake pembeni mwa sufuria, lita hiyo huhitaji kama gramu 15 za gesi. Mtungi wa kilo 13 ukijazwa kwa Sh3,000, hizo ni Sh3 na ushei.

Kinachomaliza tokeni ni kuchemsha lita moja na nusu ili kupata kikombe kimoja, kisha kuyachemsha tena yaliyopoa baada ya saa moja. Chagua birika lenye alama za vipimo zinazoonekana kwa nje, na ambalo kiwango chake cha chini kabisa ni nusu lita au pungufu. Maji yanayosalia yaingie kwenye chupa ya chai.

Maji ya mahali unapoishi nayo yana neno. Visima vya Pwani vilivyochimbwa katika mawe ya matumbawe, na visima vingi vya sehemu kame, hutoa maji yenye chokaa nyingi. Chokaa hiyo huganda kwenye kitako kama ukoko mweupe, ikazuia joto na kuongeza muda wa kuchemka. Katika sehemu hizo afadhali birika lenye kitako bapa na mdomo mpana wa kuingiza mkono, kuliko lile ambalo koili yake imejitokeza ndani ya maji. Ukoko huondolewa kwa siki au maji ya ndimu yaliyochanganywa na maji, yakachemshwa na kuachwa kwa nusu saa.

Wakazi wa Bonde la Ufa wana jambo jingine la kujua. Visima vingi vya huko vina floridi nyingi, ile inayobadili rangi ya meno kuwa ya kahawia. Kuchemsha huua viini vya maradhi, lakini hakuondoi floridi hata kidogo. Maji yakipungua kwa mvuke, floridi huzidi kukolea. Birika, liwe la bei gani, halitatui tatizo hilo.

Kuhusu kilichotumika kulitengeneza, chuma kisichoshika kutu hudumu na hakinuki. La plastiki ni jepesi na nafuu, ila lichemshwe na maji yamwagwe mara mbili au tatu kabla ya kutumiwa. La kioo hupendeza, na huvunjika.

Hatimaye, tazama kama katoni ina alama ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa nchini (KEBS), dai risiti yenye tarehe, na uulize ni nani atakayelipokea birika likiharibika: duka lenyewe au karakana ya mbali. Na lile kuukuu la kuweka mekoni usiliuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Stima zikipotea, ndilo litakalochemsha maji.