Kupunga Upepo: Historia ya Starehe na Karaha ya Hewa ya Nje katika Jambiani, Unguja

Dodoso la kwanza la utafiti huu lilikuwa na swali lililoonekana jepesi kuliko mengine yote: unapokuwa nje ya nyumba, unapendelea joto la kiwango gani? Swali hilo halikufua dafu. Waliohojiwa katika Jambiani hawakutaja kiwango. Walitaja upepo, walitaja mwezi, walitaja saa na mahali. Na baadhi yao walilirudisha swali kwa mwulizaji, wakitaka kwanza kujua ni nje ya wapi, na mtu awe anafanya kazi gani. Mwanzoni mtafiti aliyahesabu majibu hayo kuwa data pungufu. Insha hii imetokana na kuyasoma upya. Inadai kwamba mapendeleo ya hali ya hewa ya nje yana historia yake, na kwamba katika pwani ya mashariki ya Unguja historia hiyo ni ya uwezo wa kuchagua: nani aliweza kuchagua saa yake ya kuwa nje, nani aliweza kuchagua mahali, na nani aliupata upepo.

Vipimo vyenyewe havina makeke. Katika Unguja, wastani wa joto la mchana katika miezi ya Februari na Machi hufika takriban nyuzi 32 au 33 za Selsiasi, na wastani wa joto la alfajiri katika miezi ya Julai na Agosti hushuka hadi karibu nyuzi 22. Kwa mtu aliyezoea nchi zenye theluji, tofauti hiyo ni ndogo mno kustahili majina mengi. Hata hivyo wenyeji wana kaskazi, masika, kusi, kipupwe, demani na vuli, na kati ya pepo mbili kuu wana tanga mbili, wakati upepo unapolegea na kugeuka. Majina makuu ya majira hayo ni ya upepo na mvua. Joto lenyewe halikupewa cheo. Makunduchi, majirani wa Jambiani upande wa kusini, bado huadhimisha mwaka mpya wa Nairuzi kila Julai, katika kalenda ya jua ya siku 365 ambayo mabaharia na wakulima wa pwani waliihesabu kwa makumi. Kalenda hiyo ilimwambia mtu lini atweke tanga na lini apande. Ilimwambia pia, bila ya kusema hivyo, lini atapata nafuu.

Msamiati wa karaha nao haukai katika mstari mmoja wa kupanda na kushuka. Jua kali ni jambo moja, hari ni jingine, na fukuto ni la tatu. Nyuzi 31 zenye upepo wa kaskazi hustahimilika. Nyuzi 29 za tanga mbili, hewa ikiwa imetuama na jasho likikataa kukauka, huitwa fukuto na hulaaniwa. Elimu ya mwili inakubaliana na msamiati huo, kwani jasho haliupoozi mwili mpaka liwe mvuke, na upepo ndio unaolichukua. Kinyume cha fukuto si baridi. Ni upepo mwanana, na tendo la kuutafuta lina jina lake: kupunga upepo, au kupunga hewa. Kitenzi hiki kinafaa kuzingatiwa na kila mwanahistoria wa tabianchi, kwa kuwa kinaichukulia starehe kuwa tendo: mtu huinuka, huondoka alipo, huenda mahali panapojulikana kwa saa inayojulikana.

Mahali pana uzito kuliko inavyodhaniwa. Jambiani inaelekea mashariki, mbele yake pana mwamba na bahari kuu, na hakuna kinachoikinga na kusi wala kaskazi. Mji Mkongwe uko upande wa magharibi; kusi huufikia baada ya kuvuka kisiwa kizima na kugonga kuta za ghorofa. Kwa hiyo asubuhi ya Julai yaweza kuwa ya kuvaa sweta Jambiani na ya kawaida tu Malindi au Shangani, ilhali umbali kati yao hauzidi safari ya daladala ya saa moja na kitu. Anayezungumzia hewa ya Zanzibar kana kwamba ni moja amekwisha kukosea kabla ya kufungua kipimajoto chake.

Wageni ndio walioandika zaidi kuhusu hewa ya Unguja, na kila mmoja aliipima kwa hewa aliyotoka nayo. Mwaka 1442 Abd al-Razzaq wa Samarqand, mjumbe aliyekuwa njiani kwenda India, alikwama katika pwani ya Oman na akalieleza joto la Muscat kwa chuku za kutisha. Ukoo wa Busaidi ulitoka katika joto hilo. Sayyid Said alihamia Unguja kwa sababu za biashara na siasa, na si kazi ya mwanahistoria kumzulia sababu nyingine. Lakini majumba yaliyojengwa na yeye na wanawe yanaonyesha walitafuta nini baada ya kufika. Mtoni lilijengwa ukingoni mwa bahari, Kidichi juu ya kilima, na baadaye, wakati wa Barghash, Marhubi na Chukwani yakawekwa nje ya mji, penye upepo.

Binti yake Said, Sayyida Salme, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, alisafiri kinyume cha njia ya baba yake. Mwaka 1867 aliolewa Aden na Mjerumani akaenda naye Hamburg, na katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886 alimkumbuka baba yake akitembea katika kibaraza cha mviringo kilichoelekea bahari. Kibaraza hicho kilikuwa mahali pa kupunga upepo. Ughaibuni alikutana na majira yaliyomfungia ndani, milango imeshindikwa, jua likizama mapema.

Richard Burton, aliyefika Unguja Disemba 1856, aliiona hewa hiyo hiyo kuwa adui wa afya, na kitabu chake cha mwaka 1872 kinairejea lawama hiyo mara nyingi. Tusimhukumu haraka. Kabla Ronald Ross hajaonyesha mwaka 1897 kwamba malaria huenezwa na mbu, wasomi wa Ulaya waliamini kwamba homa hutoka katika hewa mbaya. Joto, uvundo wa ufukwe na ugonjwa vilikuwa kitu kimoja katika maandishi yao. Hivyo tunaposoma kwamba Mzungu fulani wa karne ya 19 aliona joto la Unguja halivumiliki, yatupasa tujiulize ni kiasi gani cha kauli hiyo kilikuwa ngozi na kiasi gani kilikuwa hofu ya kufa.

Hofu ilipopungua, lilikuja jambo baya zaidi. Mwaka 1915 Ellsworth Huntington, mwanajiografia wa Marekani, alichapisha Civilization and Climate. Alikusanya takwimu za wafanyakazi wa viwanda vya Connecticut na za wanafunzi wa vyuo vya kijeshi, akahitimisha kwamba mwili hufanya kazi vyema joto la nje likiwa karibu nyuzi 18 za Selsiasi, na akili likiwa karibu nyuzi 3 au 4. Kisha akaupima ustaarabu wa dunia nzima kwa rula hiyo. Mapendeleo ya watu wa pembe moja ya Marekani yaligeuzwa sheria ya maumbile, na yeyote aliyestarehe kwa nyuzi 27 akawa mtu wa daraja la chini. Hapa swali letu la dodoso linapoteza usafi wake: kuuliza watu wanapenda joto gani kuliwahi kuwa njia ya kuwapanga kwa madaraja.

Utafiti wa baadaye ulikuwa wa heshima zaidi, ingawa haukukubaliana. Mwaka 1970 Mdenmarki P. O. Fanger alitoa mlinganyo wa kukadiria ridhaa ya mtu kwa kutumia joto, upepo, unyevu, mavazi na kazi, akishikilia kwamba asili ya mtu haibadilishi sana jawabu. Katika muongo huo huo Michael Humphreys wa Uingereza alikusanya data za watu katika mazingira yao ya kila siku, akaona kwamba watu huridhika na joto lililo karibu na lile walilolizoea. Mtazamo wa Humphreys unaieleza Jambiani vizuri zaidi, lakini una upungufu wake. Wote wawili walishughulika hasa na mtu aliye ndani ya jengo. Baraza ya Kiswahili si ndani wala si nje.

Kutoka kwenye baraza ndipo mabadiliko ya karibuni yanapoonekana. Nyumba za zamani za Jambiani zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, zikaezekwa kwa makuti. Makuti hupitisha hewa na hayashiki joto, lakini huvuja, hushika moto, na hubadilishwa kila baada ya miaka michache. Bati halina adha hizo, tena hukinga maji ya mvua, nayo ni neema kubwa katika ardhi ya mawe isiyo na mto. Tatizo la bati hujulikana kuanzia saa tano mchana: nyumba huwa kama tanuri, na watu hutoka nje. Kwa maneno mengine, paa jipya liliongeza haja ya kivuli na upepo wa nje wakati ule ule ambapo, kama itakavyoonekana, nafasi hiyo ilikuwa ikipungua.

Fedha za mabati zilitoka wapi? Kwa sehemu kubwa zilitoka baharini, mikononi mwa wanawake. Kilimo cha mwani cha kibiashara kilianza katika pwani hii, Paje na Jambiani, mnamo mwaka 1989, na wakulima wengi wamekuwa wanawake. Kipato hicho kiliwapa sauti majumbani, kikanunua sare za shule, vitanda na mabati. Kazi yenyewe hufuata bamvua. Katika pwani ya Unguja maji ya bamvua hujaa kabisa karibu na saa kumi na kupwa kabisa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Maana yake ni kwamba siku ambazo shamba la mwani linafikika vizuri ndizo siku ambazo mkulima hana budi kuwa nje kuanzia asubuhi hadi jua la utosi, maji yakimfika magotini na mwanga ukimrudia usoni kutoka chini. Huvaa mikono mirefu, hujifunga kanga mbili tatu, hujitanda kichwa. Mwezi ndio unaomchagulia saa. Mwanamke huyo ukimuuliza anapenda joto gani, unamuuliza kuhusu jambo ambalo hajawahi kupewa hiari nalo. Zaidi ya hayo, aina ya mwani yenye bei nzuri zaidi, iitwayo kotonii, imekuwa ikifa katika maji ya kina kifupi, na watafiti wanahusisha vifo hivyo na kupanda kwa joto la bahari. Wengi wamebaki na spinosamu, yenye bei ndogo. Mmea pia una kiwango chake cha kuridhika, na hauwezi kwenda kupunga upepo.

Hatua chache kutoka hapo, juu ya mchanga, yuko mtu mwingine aliyelala katika jua hilo hilo kwa hiari yake. Watalii hujaa Jambiani Disemba hadi Februari, miezi ambayo wenyeji huihesabu kuwa ya joto, na tena Julai na Agosti, wakati wazee huingia msikitini alfajiri na masweta. Masika hoteli nyingi hufungwa. Mgeni wa Januari haji kutafuta nyuzi 32 kwa sababu ngozi yake inazihitaji. Anazikimbilia kutoka katika majira ya baridi kwao, na wiki mbili zikiisha hurudi. Starehe yake ni ya tofauti. Ya mwenyeji ni ya mazoea. Haistahili kuibeza mojawapo, ila ya mgeni hulipiwa, na kwa hiyo ndiyo iliyoupanga ufukwe.

Sera ya uwekezaji ya mwaka 1986 iliifungua Zanzibar kwa utalii, na Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya mwaka 1992 iliendelea kuiweka ardhi mikononi mwa dola huku ikiratibu haki za kuitumia na kuikodisha. Viwanja vya ufukweni, ambavyo havikuwa na thamani kwa mkulima wa muhogo, ghafla vikawa ndivyo vyenye thamani kuliko vyote. Mijadala kuhusu mabadiliko hayo imezungumzia njia za wavuvi, minazi, ajira na maadili, na ni haki yake. Upepo haukuzungumziwa. Mjini ulikumbukwa: bustani ya Forodhani, iliyofunguliwa miaka ya 1930 kwa jubilei ya Sultan Khalifa na kukarabatiwa mwaka 2009, ni mahali pa umma ambapo hata asiye na senti hukaa jioni akipigwa na hewa ya bahari. Jambiani haikuwahi kuhitaji bustani ya namna hiyo, kwa sababu ufukwe mzima ulikuwa baraza ya kijiji. Kitu kisichohitajiwa hakiandikwi, na kisichoandikwa hakina hati.

Dodoso la pili liliacha kutaja joto. Liliuliza: ukitaka kupunga upepo huenda wapi, saa ngapi, na ulipokuwa mdogo wazee wako walikuwa wakienda wapi? Majibu yalikuwa marefu, na waliojibu hawakuhitaji kufafanuliwa swali. Sehemu ya pili ndiyo iliyochukua muda, kwani wengi hawakuridhika na kueleza kwa maneno. Walivaa viatu wakatoka, wakamwongoza mtafiti hadi kwenye ukuta, wakaonyesha kwa mkono upande wa pili.