KISIWA CHA KILWA

Ndani ya ziwa Moero kuna kisiwa kidogo, Kilwa. Kiko karibu na mji wetu wa Kilwa, huku Katanga, lakini ni cha inchi ya Zambia. Kwa sababu gani? Zamani za biashara ya pembe na watumwa kilishikwa na Simba, mtu wa kuogopwa. Halafu, tarehe 12 Mei 1894, Waingereza na mfalme Leopold II walipatana: mupaka upindwe kusini ya ziwa, ili kisiwa kiwe cha Waingereza. Mapatano yakatiwa sahihi Ulaya, mbali na wavuvi. Wakaaji wanaishi kwa samaki. Basi, tusiite wageni watu wa ziwa moja: kalamu ilitenga inchi, haikutenga ndugu.