Kiboko, Mshahara na Ushirika: Ari ya Kazi katika Usumbura ya Kikoloni

Dai kwamba Mwafrika ni mvivu lilikuwa la kawaida katika fikra za kikoloni, na utawala wa Ubelgiji, ambao majeshi yake yaliiteka Usumbura (Bujumbura ya leo) mwaka 1916, ulijengwa juu yake. Iwapo mtu hana ari, ilidhaniwa, basi sharti ashurutishwe. Historia ya Burundi yapinga dhana hiyo: ari haikukosekana, bali ilihamia mahali penye masharti bora.

Nyenzo za shuruti zafahamika: kodi ya kichwa, kazi za lazima za barabara na, kuanzia miaka ya 1930, kilimo cha kahawa kilichoamriwa na dola. Msimamizi alishika kiboko, na neno hilo likaingia katika Kirundi kama *ikiboko*.

Warundi walijibu kwa miguu. Maelfu walikwenda Uganda na Tanganyika. Utafiti uliohaririwa na Audrey Richards mwaka 1954 kuhusu wahamiaji nchini Buganda waonyesha kwamba wengi walianza kama vibarua katika mashamba ya pamba na kahawa ya Waganda, na baadhi yao hatimaye wakapata vibanja vyao wenyewe. Kahawa ilikuwa ileile waliyoikimbia kwao! Ni vigumu kumwita mvivu mtu aliyetembea mamia ya kilomita kuitafuta kazi. Kilichobadilika ni masharti: ujira, uhuru wa kumwacha mwajiri, na matumaini ya kumiliki shamba.

Mjini Usumbura kwenyewe, suala la umiliki lilijitokeza upya mwaka 1957, Mwanamfalme Louis Rwagasore alipoanzisha ushirika wa wafanyabiashara. Waswahili wa Buyenzi, waliozoea kuishi kwa biashara ndogondogo, walikuwa miongoni mwa waliomuunga mkono. Haifai, hata hivyo, kuusifu ushirika huo kupita kiasi. Muda si mrefu ulikumbwa na matatizo ya fedha. Ari ya wanachama haikuweza kuziba upungufu wa mtaji, na utawala uliutazama kwa mashaka. Kama biashara, ulishindwa. Lakini waliokwisha kuonja kujiendeshea mambo yao hawakurudi nyuma, na UPRONA, chama cha Rwagasore, kilipata viti 58 kati ya 64 katika uchaguzi wa Septemba 1961.