Vazi la bodaboda: Kati ya baridi ya Molo, joto la Marigat na ukali wa lami

ALFAJIRI jijini Nakuru, mwendeshaji wa bodaboda huonekana amejifunika tangu shingoni hadi magotini. Amevaa koti zito la mitumba, mara nyingi kinyumenyume, zipu ikiwa mgongoni ili upepo usipenye kifuani. Mikononi ana glavu za sufu na miguuni gambuti.

Kwa mtazamo wa haraka, huyu ni mtu aliyejikinga. Kwa hakika amejikinga dhidi ya baridi, lami hakuiwazia. Baridi humpata kila siku, ilhali ajali huenda isimpate mwaka mzima, na binadamu hujiandalia zaidi adha ya kila siku kuliko janga la siku moja.

Hata hivyo, nchini Kenya waendeshaji wa pikipiki ni miongoni mwa makundi yanayopoteza watu wengi zaidi barabarani, wakitanguliwa na watembeao kwa miguu. Swali la nini kivaliwe si la urembo.

Hali za hewa tatu

Nakuru, iliyopandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021, iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Upande wa magharibi, Molo iko karibu mita 2,500, penye ukungu na mvua. Upande wa kaskazini, barabara huteremka kupitia Mogotio, karibu na mstari wa ikweta, hadi Marigat iliyo takriban mita 1,000.

Joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000 mtu anazopanda. Hivyo tofauti kati ya Molo na Marigat yaweza kufika nyuzi 9 au 10. Koti linalomfaa mtu Molo asubuhi humtoa jasho Mogotio adhuhuri, na mara nyingi hapo ndipo linapofungwa nyuma ya kiti.

Sheria yasemaje

Sheria ya Trafiki, kufuatia marekebisho ya mwaka 2012, humtaka mwendeshaji na abiria wake kuvaa helmeti pamoja na jaketi inayoakisi mwanga, na hairuhusu abiria zaidi ya mmoja. Kanuni za uendeshaji wa pikipiki za mwaka 2015, chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama (NTSA), humpa mwendeshaji wajibu wa kumpatia abiria vifaa hivyo.

Sheria haikutaja buti, glavu wala suruali nzito. Hayo yameachwa kwa hiari ya mwendeshaji na uwezo wa mfuko wake.

Helmeti kwanza

Uchambuzi wa tafiti kadhaa uliochapishwa mwaka 2008 na shirika la Cochrane ulionyesha kwamba helmeti hupunguza hatari ya kifo kwa asilimia 42 na ya majeraha ya kichwa kwa asilimia 69.

Siri yake imo katika povu gumu lililo ndani ya gamba. Kichwa kinapogonga, povu hilo hubonyea na kumeza nguvu ya kishindo. Likishabonyea halirudi, ndiyo maana helmeti iliyopata ajali haifai tena hata kama gamba halina ufa. Kofia ya mjengo haikuundwa kwa kazi hiyo. Nayo helmeti isiyofungwa mkanda kidevuni huruka kabla kichwa hakijafika chini.

Abiria wengi huikataa helmeti kwa sababu ya nywele zilizosukwa, jasho la waliotangulia au hofu ya magonjwa ya ngozi. Malalamiko hayo yana msingi, na dawa yake ni rahisi: kitambaa chepesi cha pamba cha kuvaliwa ndani, kinachofuliwa mara kwa mara, na helmeti kuanikwa ipate hewa.

Ngozi na miguu

Utafiti uliofanywa Canberra, Australia, kati ya mwaka 2008 na 2009, uliwafuatilia waendeshaji 212 waliopata ajali. Waliovaa jaketi maalumu za pikipiki walikuwa na uwezekano mdogo wa kulazwa hospitalini kwa asilimia 21. Waliovaa suruali maalumu, asilimia 51. Na waliovaa glavu maalumu, asilimia 59. Lakini zaidi ya robo ya jaketi, suruali na glavu zilizokuwa zimevaliwa zilichanika au kuharibika katika ajali.

Utafiti huohuo uligundua kuwa hata buti zisizotengenezwa kwa ajili ya pikipiki zilipunguza majeraha ya mguu zikilinganishwa na viatu vya kawaida. Kwa anayeendesha kwa kandambili, hilo ni badiliko lililo karibu na uwezo wake.

Koti la nailoni, lipatalo joto kwa kusuguana na lami, laweza kuyeyuka na kugandamana na ngozi. Ngozi ya mnyama hustahimili zaidi.

Kuonekana

Utafiti wa Auckland, New Zealand, uliochapishwa mwaka 2004, ulibaini kuwa waliovaa mavazi ya kung'aa au ya kuakisi mwanga walikuwa na hatari ndogo ya ajali yenye majeraha kwa asilimia 37. Helmeti nyeupe, ikilinganishwa na nyeusi, iliambatana na upungufu wa asilimia 24.

Katika ukungu wa Molo hilo lina uzito wa pekee. Lakini mvua inaponyesha, koti la mvua huvaliwa juu ya jaketi na kuificha. Abiria naye hufunika mgongo wa mwendeshaji, hivyo jaketi yake ndiyo inayoonekana na gari litokalo nyuma.

Mipaka ya vazi

Hakuna vazi linalohimili uzito wa lori. Jioni ya tarehe 30 Juni 2023, katika makutano ya Londiani, lori liliacha barabara na kuwagonga wachuuzi, wasafiri na wahudumu wa bodaboda. Zaidi ya watu 50 walikufa.

Ajali haina kinga, husema wahenga, na vituoni methali hiyo hutumika kama sababu ya kutojali. Vazi kweli halizuii ajali. Hupunguza kinachopotea ajali inapotokea. Mwenye fedha kidogo aanze na helmeti inayomkaa sawasawa na kufungwa mkanda, kisha jaketi ya kuakisi mwanga iliyo pana ya kutosha kuvaliwa juu ya koti lolote, kisha buti, kisha glavu. Na achague vifaa atakavyoweza kuvivumilia Mogotio saa saba mchana, kwa kuwa helmeti iliyotundikwa kwenye kioo haijamkinga mtu yeyote.